Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Kiumbe wa kwanza wa miamba ya matumbawe kufika Kasongo, mashariki ya Kongo, alifika akiwa mfu. Alikuwa kauri, konokono mdogo wa Bahari ya Hindi mwenye ganda jeupe linalong'aa. Wapagazi walimbeba kwa maelfu kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji, akavushwa Ziwa Tanganyika kwa mashua, kisha akapanda na kushuka vilima vya Kabambare hadi masoko ya mto Lualaba. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe akitafuta mitumbwi ya kununua, akaambiwa kwamba wenye mitumbwi wanataka kauri, mbuzi au watumwa, basi. Hakuwa tayari kulipa watumwa, mbuzi na kauri hakuwa nazo, na mitumbwi hakuipata.

Ganda tupu halina shida na safari. Halili, halipumui, halichafui chombo. Kumbeba kiumbe wa majini akiwa hai ni kazi nyingine kabisa, na iliwachukua watu zaidi ya miaka 100 kuielewa. Leo anayetaka kufuga samaki wa matumbawe kwenye tangi la kioo sebuleni kwake hujaza maji ya chumvi, hupanga mawe, huwasha pampu, halafu husubiri wiki nne, sita au zaidi kabla ya kutia samaki hata mmoja. Jirani akichungulia huona tangi la maji matupu na mwenye nyumba anayelilipia umeme. Wafugaji huita kazi hiyo kukomaza maji. Historia yake ina mizizi London na Jakarta, lakini sura moja nzuri iko kwenye ziwa lililo safari ya siku kadhaa kwa miguu mashariki ya Kabambare.

Njia ya Kabambare ilijulikana mapema. David Livingstone aliondoka Ujiji Julai 1869, na mwezi Septemba akafika mahali alipopaita Bambarre, ambapo Henry Morton Stanley, alipopita miaka saba baadaye, alipatambua kuwa ndipo Kabambare. Vidonda vya miguu vilimfunga Livingstone hapo miezi mingi ya mwaka 1870. Stanley mwenyewe alishuka bonde la Luama Oktoba 1876, na karibu na Kasongo akakutana na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, wakapatana amsindikize kuelekea kaskazini kwa ahadi ya dola 5,000. Kasongo ikakua kuwa mji mkuu wa himaya ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa minyororo, hadi majeshi ya Francis Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, yalipouteka Aprili 1893. Kabambare ilianguka Januari 1894. Kwa muda wote huo mizigo mingi iliyotoka au kwenda pwani ilivuka Tanganyika, na wavukaji walikuwa wakiulizana jambo moja: maji haya yanatoka wapi, na yanakwenda wapi?

Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi pamoja mwishoni mwa 1871 wakaenda kaskazini kuutazama mto Ruzizi, wakaona unaingia ziwani. Cameron mwaka 1874 aliuona mto Lukuga ukielekea magharibi, akajaribu kuufuata, magugu yakamzuia. Stanley alifika hapo 1876, akaona maji yamesimama na mlango umezibwa. Ziwa lilikuwa likipanda, likimeza ufuo wa Ujiji mwaka hadi mwaka. Kisha kizuizi kikazibuka. Edward Coode Hore, baharia wa misheni ya London, na baada yake Joseph Thomson, mwaka 1879 walikuta Lukuga ukienda kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata kina cha ziwa kikashuka kwa mita kadhaa. Lukuga huingia Lualaba juu ya Kongolo, kwa hiyo maji ya Tanganyika hupita jirani na Kasongo kila siku, yakiwa yamechanganyika na ya mito mingine mpaka tabia yake imepotea.

Tabia hiyo ndiyo kiini cha habari hii. Ruzizi huleta ziwani madini yaliyoyeyuka kutoka Ziwa Kivu, ambako volkano zimeyapika, na maji mengi ya Tanganyika huondoka kwa kugeuka mvuke badala ya kutoka kwa Lukuga. Mvuke huenda na maji, madini hubaki. Matokeo ni ziwa lenye kina cha mita 1,470, maji mazito ya magnesi, na pH kati ya 8.6 na 9.2, kali kuliko hata bahari ambayo ni 8.1 au 8.2. Ni maji ya kunywa, si ya chumvi, lakini kwa samaki yana tabia ya bahari zaidi kuliko ya mto.

Wataalamu wa Ulaya walidanganyika kidogo. Konokono aliowaokota John Hanning Speke mwaka 1858 walifanana mno na wa baharini, na S. P. Woodward wa London alilisema hilo alipowaeleza mwaka uliofuata. Hore akapeleka wengine. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona yavuyavu wakielea ziwani, viumbe ambao kila mtu aliwajua kuwa wa bahari. J. E. S. Moore alikuja mara mbili katika miaka ya 1890, akakusanya kwa bidii, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima kudai kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale iliyofungiwa katikati ya bara. Msafara wa W. A. Cunnington wa 1904 na 1905 uliivunja hoja hiyo polepole. Konokono wale walikuwa wa maji baridi walioishi ziwani kwa muda mrefu hadi wakavaa maumbo mapya, na yavuyavu huyo akaonekana baadaye Victoria na hata Afrika Magharibi. Moore alikosea nasaba. Hata hivyo samaki aliowapeleka Uingereza, ambao George Boulenger aliwapa majina kuanzia 1898, ndio waliokuja kuwa utajiri. Mmoja wao, Tropheus moorii, amebeba jina lake.

Wakati huo Ulaya ilikuwa tayari imeingiwa na wazimu wa matangi. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi, alileta matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay hadi London, na kuyaokoa alimpa mtumishi kazi ya kumimina maji kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha, kila siku, nusu saa na zaidi. Historia imemhifadhi bibi, mtumishi haikumtaja. Mkemia Robert Warington alisoma mwaka 1850 ripoti yake kuhusu samaki wawili, mmea na konokono waliokaa pamoja bila kubadilishiwa maji, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ikafungua nyumba ya samaki. Wote waliamini siri iko kwenye mmea: samaki atoe hewa chafu, mmea uisafishe. Hawakuwa wamekosea kabisa, ila walikuwa wakitazama nusu ya mambo.

Nusu nyingine ni uchafu wa samaki mwenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua mchana na usiku, na chakula kinachooza huongeza. Mwaka 1890, huko Zürich, Mrusi Sergei Winogradsky alifaulu kutenga bakteria wanaoishi kwa kuila amonia hiyo. Akaonyesha kuwa kazi ina hatua mbili na vibarua wawili: kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia. Winogradsky alikuwa akishughulika na udongo wa mashamba. Miaka mingi ilipita kabla wenye matangi hawajaelewa kuwa alikuwa akiwaeleza wao.

Kwa nini suala hili linauma zaidi kwenye maji ya bahari na ya Tanganyika? Kwa sababu amonia ina maumbo mawili, moja pole na moja katili, na pH ndiyo huamua lipi litawale. Kwenye maji ya pH 7, yenye joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia yote huwa katika umbo katili. Kwenye maji ya bahari ni kama asilimia 5 hadi 8. Ikifika pH 9, kama ilivyo Tanganyika, ni zaidi ya asilimia 30. Uchafu ambao samaki wa Lualaba angeupumua na kuendelea na safari zake humuua wa Tanganyika kabla ya jua kuchwa.

Aliyelijua hili kwa vitendo kuliko wengi ni Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeanza kusafirisha samaki wa mapambo kutoka Léopoldville, kwenye mto Kongo, katika miaka ya 1950, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akahamia Bujumbura. Mwaka 1974 Max Poll, mtaalamu wa samaki wa Ubelgiji, alimpa heshima ya jina: Lamprologus brichardi, samaki mwembamba wa rangi ya maziwa mwenye mapezi yenye ncha nyeupe, ambaye wafugaji wa dunia nzima walimwita Binti Mfalme wa Burundi. Brichard alitoa kitabu chake cha kwanza kuhusu samaki wa ziwa hilo mwaka 1978, na kingine kikubwa zaidi mwaka 1989, mwaka mmoja kabla ya kufa. Ndani ya vitabu hivyo kuna mengi ambayo maprofesa waliyathibitisha baadaye wakiwa na mashine za bei ghali.

Kazi yenyewe ilianzia chini ya maji. Mpiga mbizi hutandaza wavu mbele ya jabali, huwafukuza samaki kwa mkono, huwachomoa mmojammoja. Frontosa, yule mkubwa mwenye mistari na kibyongo kichwani, hukaa chini sana, mara nyingi zaidi ya mita 20. Akipandishwa haraka, kibofu chake cha hewa huvimba na matumbo hutokeza mdomoni, kwa hiyo huwekwa kwenye pipa lenye matundu linalopandishwa kwa vituo. Akifika juu hupelekwa kwenye birika la saruji. Hapo ndipo mjinga na mzoefu hutengana. Mjinga huosha birika mpaka ling'ae. Mzoefu huliacha na utelezi wake, maana utelezi ule ndio vibarua wa Winogradsky.

Kisha hufuata safari ya ndege. Samaki huachwa bila chakula siku kadhaa ili wasichafue maji. Kila mmoja huingia kwenye mfuko wa plastiki, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, na mfuko ndani ya sanduku jepesi linalozuia joto kutoroka. Njiani amonia hujikusanya, lakini hewa chafu ya pumzi zake hushusha pH ya maji, na amonia inalala. Mnunuzi wa Frankfurt akifungua mfuko na kuanza kumimina humo maji mapya taratibu, kwa huruma, hewa chafu huruka, pH hupanda, na amonia iliyolala huamka. Samaki aliyevuka bara zima akiwa hai hufa mikononi mwa mtu mpole. Mzoefu hukata mfuko, humtoa samaki na kumtia moja kwa moja kwenye maji safi yaliyokomaa yenye pH inayokaribiana na ya mfuko.

Upande wa magharibi wa ziwa, ulio karibu zaidi na Kabambare, ulishiriki kwa shida. Milima ya Fizi ilikuwa mikononi mwa waasi tangu 1964. Che Guevara alivuka kutoka Kigoma Aprili 1965 kuwasaidia na kuondoka Novemba akiwa ameshindwa, na mmoja wa viongozi wao, Laurent-Désiré Kabila, alibaki huko miaka mingi. Mei 1975 watu wake walivuka ziwa usiku wakateka vijana wanne waliokuwa wakifanya utafiti wa sokwe kwa Jane Goodall huko Gombe. Biashara ya kupiga mbizi kwa nyavu ndogo haipendi majirani wa namna hiyo. Ndiyo maana majina ya vijiji yaliyobandikwa kwenye samaki hawa, kama Ikola, Maswa, Kigoma, Moba na Bemba, mengi ni ya pande zilizokuwa na utulivu, au sehemu chache za pwani ya Kongo zilizofikika. Samaki wa mapambo huuzwa kwa jina la ufuo alikotoka, maana rangi hubadilika kila baada ya kilomita chache za mawe.

Kwa wafugaji wa matumbawe mapinduzi yalitoka Asia. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyotunza samaki wa bahari kwa kuwawekea vipande vya mwamba vilivyotolewa baharini vikiwa na viumbe wake wote, na pampu ndogo ya hewa tu. Mawe hai hayo yalikuwa na bakteria tele matunduni. Mpaka leo ndiyo njia inayotumika: mawe, maji ya chumvi, kipande cha kamba wa baharini kinachoachwa kioze au matone ya amonia, na chupa ndogo za kupimia. Amonia hupanda, kisha hushuka naitraiti ikipanda, kisha nayo hushuka. Zote mbili zikifika sifuri na kukaa hapo, samaki wa kwanza huingia, mmoja, tena asiye wa bei ghali.

Sayansi haijamaliza. Kwa miongo mingi vitabu vya wafugaji viliimba jina la Nitrobacter kama kibarua wa hatua ya pili, hadi mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walipochunguza matangi na kukuta kazi inafanywa na jamaa wa Nitrospira. Mwaka 2005 ikatangazwa kuwa changarawe ya tangi la samaki wa tropiki huko Seattle ilikuwa na kiumbe asiye bakteria kabisa, wa ukoo wa akea, anayekula amonia. Akaitwa Nitrosopumilus maritimus, na ndugu zake wamejaa katika bahari zote.

Si kila uhamisho wa samaki ulifuata subira hii. Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji walichukua vifaranga wa dagaa wawili wa Tanganyika, wale ambao Kongo huwaita ndakala, wakawapeleka Ziwa Kivu, ambalo katikati yake hakukuwa na samaki wa kuvuliwa. Ndakala hufa hata kwa kuguswa na wavu, na walioishi kufika walikuwa zaidi ya 50,000 kidogo. Mmoja, Stolothrissa, alitoweka. Mwingine, Limnothrissa, alishika, na leo ndiye sambaza wa Bukavu na Goma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jamaa zake walipelekwa Kariba, wakawa kapenta, na kutoka hapo wakapita kwenye mitambo ya bwawa wakajihamishia wenyewe Cahora Bassa, Msumbiji.

Maniema, mkoa wenye Kasongo na Kabambare, haina matangi ya kioo ya kuhesabika, na umeme wa kuendesha pampu usiku kucha ni habari ya watu wachache sana. Ila kanuni ya maji kwanza imefika huko kwa mlango mwingine, ule wa mabwawa ya tilapia. Baada ya vita vya pili vya dunia utawala wa Ubelgiji ulianzisha kampeni ya mabwawa ya vijijini, utafiti ukifanyika Kipopo karibu na Élisabethville, na hadi mwisho wa ukoloni Kongo ilihesabiwa kuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Mengi yalichimbwa kwa msukumo wa mtawala kuliko kwa hiari, na uhuru ulipoingia nyasi zikayafunika. Katika miaka ya 1970 na 1980 ufugaji ulirudi kwa njia ya familia katika mikoa kadhaa, wakishiriki vijana wa kujitolea wa Marekani. Mmoja wao, Mike Tidwell, aliandika kitabu kuhusu miaka yake Kalambayi, Kasai. Uporaji wa wanajeshi wa Septemba 1991 uliwaondoa vijana hao nchini.

Mbinu iliyobaki vijijini ni rahisi, na Anna Thynne angeielewa. Kwenye kona ya bwawa jipya hujengwa uzio wa fito, ndani yake hutupwa samadi, majani na mabaki ya jikoni. Maji hayatiwi samaki. Wiki moja au mbili hupita, yakigeuka kutoka rangi ya udongo hadi kijani, na kijani hicho ni mwani unaonyonya amonia ya samadi na kuwa chakula. Mwenye bwawa huzamisha mkono: vidole vikitoweka maji yakifika kwenye kiwiko, bwawa limeiva; vidole vikionekana bado, huongeza samadi. Baadaye tilapia watalishwa majani ya muhogo na kumbikumbi.

Vifaranga huletwa kwa ndoo au dumu lililokatwa mdomo, alfajiri, kabla jua halijapasha maji. Chombo huwekwa kielee bwawani hadi joto lilingane, maji ya bwawa huingizwa kidogokidogo, na samaki hutoka wenyewe. Hapa upole hauui, maana safari ilikuwa ya saa chache na amonia haijapata muda wa kujikusanya. Wanaokutwa wamegeuza tumbo kwa kawaida ni wale waliolishwa asubuhi ile ya safari.